Kilomita 5 za kwanza: panapouma sipo tatizo lilipoanzia

Mtu akikimbia mashindano yake ya kwanza ya kilomita 5 alafu akapata shida, mara nyingi anaitafuta pale pale inapouma. Pumzi ikikata kilomita ya tatu anasema mapafu yangu mabovu, goti likiuma anasema goti langu ndo lilivyo, tumbo likivuruga anasema basi mbio siziwezi. Kiukweli kwenye umbali huu karibu kila dalili inatokea mbali na chanzo chake: pumzi ya kilomita ya tatu imeharibiwa dakika ya kwanza, kichomi kimetoka kwenye chakula cha masaa mawili nyuma, goti limetoka kwenye zile wiki ulizoongeza mazoezi haraka haraka. Kwahiyo nimezipanga dalili kama watu wanavyozisema wenyewe, na kila moja tunarudi nayo nyuma mpaka tuone ilikoanzia. Ukishapajua hapo, nyingi zinarekebishika bila dawa yoyote.

Alafu kitu kingine, usikubali mtu akwambie hako ni kaumbali kadogo. Ni mizunguko 12 na nusu ya uwanja wa mita 400, na kwa anayeanza ni kama nusu saa mpaka dakika 45 au zaidi za mwili kufanya kazi bila kupumzika. Ni umbali wa kuheshimu.

"Nilianza vizuri kabisa, kufika kilomita ya pili pumzi ikakata na miguu ikawa mizito"

Hii ndo malalamiko namba moja na ndo nitakayokaa nayo zaidi, maana ukiitatua hii peke yake nusu ya nyingine zinapungua zenyewe.

Unapoanza kukimbia, moyo na mapafu haviamki palepale, vinahitaji kama dakika mbili tatu hivi kufikia kiwango cha oksijeni ambacho misuli inadai. Katika hizo dakika misuli inakula akiba yake ya haraka, nguvu isiyosubiri oksijeni, ndo maana unajisikia mwepesi na unaona kama leo umeamka na mwili mwingine. Ongeza hapo adrenalini ya siku ya mashindano, watu wanakupita kulia na kushoto, muziki, kelele, basi unajikuta uko kwenye spidi ambayo hujawahi kuikimbia mazoezini hata siku moja na wala huhisi chochote. Ile akiba ikiisha mwili unadai fidia, unaanza kuhema juu juu, miguu inawaka, na ukifika hapo hata ukipunguza spidi haikai sawa mara moja.

Kuthibitisha kama hii ndo shida yako, angalia muda wa kilomita ya kwanza ulinganishe na ya tatu. Kama ya kwanza ilikuwa haraka kuliko unavyokimbia mazoezini kwa sekunde 20 au 30 na ya tatu imeporomoka, usihangaike kutafuta sababu nyingine.

Dawa yake ni kuanza taratibu mpaka uone aibu kidogo, na namaanisha hivo hivo. Tuseme mazoezini unakimbia kilomita moja kwa dakika 7, basi ya kwanza siku ya mashindano iende dakika 7 na sekunde 10 au 15, ya pili mpaka ya nne dakika 7, ya tano utoe kilichobaki. Mtu anaona hizo sekunde 15 kama zimepotea, lakini anayeanza na dakika 6 anaokoa dakika moja alafu anakuja kuilipa kwa kutembea dakika tatu nne huko mbele. Kama huna saa tumia mdomo wako: kilomita ya kwanza uwe na uwezo wa kusema sentensi nzima bila kukatika katikati, ukiona unatoa neno moja moja tayari umezidisha. Na simama nyuma kwenye mstari wa kuanzia, sio mbele, ukisimama mbele umezungukwa na watu wenye spidi na utawafuata tu hata kama kichwani ulipanga vingine.

Tarehe 14 Agosti 2020 pale Monaco, Joshua Cheptegei wa Uganda alivunja rekodi ya dunia ya mita 5000 kwa 12:35.36, na mwendo wake ulikuwa wa kulingana mzunguko kwa mzunguko, sekunde 60 na kidogo, huku taa za pembeni ya uwanja zikimwonyesha spidi aliyopanga. Yule ni mtu mwenye uwezo wa kuanza kwa kasi ya kutisha kuliko sisi wote na hakufanya hivo.

Kama tayari uko njiani na imeshakukuta, usisimame wima. Tembea kwa hatua za haraka dakika moja, pumua kwa pua na mdomo pamoja, na nguvu iweke kwenye kutoa hewa mpaka iishe, ukitoa vizuri kuvuta kunakuja kwenyewe. Alafu rudi kukimbia polepole kuliko ulivyokuwa.

Na kutembea sio kufeli. Jeff Galloway, aliyeiwakilisha Marekani mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, amefundisha watu wengi mno mtindo wa kukimbia na kutembea kwa zamu uliopangwa tangu mwanzo. Siri iko kwenye hilo neno kupangwa, yaani unatembea dakika moja kila baada ya dakika nne hata kama hujachoka, sio unasubiri mpaka mwili ukulazimishe.

"Kichomi kimenikamata ubavuni, nashindwa hata kunyooka"

Mara nyingi kinakaa upande wa kulia chini ya mbavu. Wataalamu wana maelezo zaidi ya moja kuhusu kinachouma hasa, kuna wanaosema ni ule utando unaozunguka tumbo kwa ndani unasuguliwa, kuna wanaosema ni msuli wa kupumulia, lakini vinavyokichochea vinajulikana vizuri: kula shiba karibu na mbio, kunywa vingi kwa mara moja hasa juisi na vinywaji vyenye sukari nyingi, na kukimbia umejikunja mabega yamekuja mbele.

Ukipata kichomi jiulize kwanza ulikula nini na saa ngapi. Chakula kizito kiwe masaa matatu nyuma, ukihitaji kitu kidogo kama mkate au ndizi lisaa limoja au limoja na nusu kabla inatosha. Maji kunywa kidogo kidogo asubuhi nzima, sio chupa nzima dakika kumi kabla ya kuanza kwa sababu umekumbuka ghafla.

Kikikukamata katikati ya mbio punguza spidi, bonyeza panapouma kwa vidole, inama mbele kidogo huku unatoa hewa ndefu kwa mdomo, rudia mara kadhaa. Kwa wengi kinaachia ndani ya dakika chache. Maumivu yasiyoachia hata ukipumzika, au yaliyo kifuani na yanasambaa kwenye mkono au taya, hicho sio kichomi, hapo unasimama na kuita watu wa huduma ya kwanza, habari ya muda wa kumaliza isahau.

"Hata nikienda taratibu kifua kinabana, na nikimaliza nakohoa sana"

Kukohoa kidogo baada ya kukimbia kwa nguvu kwenye hewa kavu au ya baridi au yenye vumbi ni kawaida na kunaisha. Lakini kama kifua kinabana, kinapiga filimbi, na inazidi dakika kama 5 mpaka 15 baada ya kuacha kukimbia, na inajirudia kila mazoezi, inawezekana njia za hewa zinasinyaa kwa sababu ya mazoezi. Hii inawapata hata watu ambao hawajawahi kuambiwa wana pumu. Nenda kwa daktari kabla ya siku ya mashindano, inapimika na ina matibabu mazuri. Inanisikitisha mtu kuacha kukimbia miaka na miaka akiamini hana stamina kumbe ni kitu cha kutibika. Kama una pumu tayari na una kipulizi, kimbia nacho mkononi au mfukoni, usikiache kwenye begi.

"Miguu ilikuwa mizito tangu mstari wa kuanzia"

Hapa rudi nyuma wiki nzima. Kuna kosa linajirudia sana: mtu anaona siku nne kabla hayuko tayari basi anaamua kufidia, anakimbia kilomita 5 kwa nguvu zake zote siku mbili mfululizo kujipima. Mazoezi ya wiki ya mwisho hayawezi kukuongezea kitu kufikia siku ya mbio kwa sababu mwili unahitaji muda kujijenga, kinachobaki ni uchovu tu. Wiki ya mwisho punguza karibu nusu ya unachofanya kawaida, siku mbili kabla pumzika au tembea, na hapo katikati kimbia kidogo ili miguu isisahau.

Sababu ya pili ni kutopasha mwili. Watu wanaogopa kumaliza nguvu kabla ya mbio, kumbe mbio fupi ndo zinahitaji kupasha zaidi, maana huna muda wa mwili kuamkia njiani. Dakika kumi za kutembea haraka na kukimbia polepole, alafu kuinua magoti, kuzungusha miguu mbele na nyuma, na kakimbio kafupi ka spidi mara mbili tatu, inatosha. Zile za kukaa unavuta msuli dakika nzima bila kutikisika ziache mpaka baada ya mbio.

Usingizi je? Kama ulikosa usingizi usiku mmoja wa mwisho kwa wasiwasi, tulia, usiku mmoja mbaya hauharibu kilomita 5. Kinachoumiza ni wiki nzima ya kulala masaa manne manne.

"Goti linauma" / "mbele ya mguu chini ya goti panauma"

Nimeziunganisha kwa sababu chanzo chake mara nyingi ni kimoja, ratiba. Moyo na mapafu vinaimarika haraka, ndani ya wiki chache unajisikia una pumzi za kutosha, lakini mifupa na kano zinachukua miezi. Kwahiyo kuna kipindi ambacho pumzi inakuruhusu kukimbia zaidi ya mifupa inavyoweza kubeba na hapo ndo wanaoanza wengi wanaumia, tena wale wenye bidii zaidi. Mtu alikuwa anakimbia mara mbili kwa wiki, ameona kabango ka mashindano, anaanza kukimbia kila siku. Wiki ya tatu ugoko unawaka.

Ndo maana ratiba inayojulikana ya Couch to 5K (yaani kutoka kwenye kochi mpaka kilomita 5), aliyoitunga Josh Clark mwaka 1996, inachukua wiki 9 na siku tatu tu kwa wiki, na wiki ya kwanza ni sekunde 60 za kukimbia na 90 za kutembea kwa zamu. Watu wanaiona ni nyepesi mno wanaruka wiki. Msiruke. Ule wepesi ndo unaolinda mifupa.

Ugoko unaouma eneo refu upande wa ndani, unaouma ukianza kukimbia na kupungua ukipata joto, mara nyingi ni misuli na utando wa mfupa umezidiwa. Punguza kukimbia wiki moja au mbili, badilisha na baiskeli au kuogelea, kimbia kwenye udongo au nyasi kama zipo, angalia na raba zako, zikishakula kama kilomita 500 mpaka 800 soli inakuwa imechoka hata kama juu zinaonekana nzima. Ila kama maumivu yako sehemu moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, yanauma hata ukitembea au usiku umelala, usikimbie kabisa mpaka daktari aone, huo unaweza kuwa mfupa umeanza kupata ufa na ukiukimbilia unaweza kuvunjika kweli.

Goti linalouma mbele, kuzunguka ile pia ya goti, hasa ukishuka ngazi au ukikaa muda mrefu umekunja mguu, mara nyingi linalipia udhaifu wa nyonga na mapaja. Mguu ukitua nyonga haishikilii, goti linaingia ndani kidogo, na hiyo inajirudia maelfu ya mara. Fanya mazoezi ya kuchuchumaa na kusimama, kupanda ngazi moja na kushuka mguu mmoja mmoja, na kulala ubavu unainua mguu wa juu, mara mbili tatu kwa wiki. Alafu fupisha hatua zako. Wengi wakitaka kuongeza spidi wanatupa mguu mbali mbele, unatua kwa kisigino goti limenyooka na kishindo chote kinapanda juu. Hatua fupi za haraka zaidi, mguu utue karibu chini ya mwili wako, zinapunguza mzigo kwenye goti kwa kiasi unachokihisi.

Na tafadhali usimeze dawa ya maumivu kama ibuprofen kabla ya mbio ili usisikie. Inaficha taarifa ambayo mwili unakupa, na kwenye joto ukiwa umepungukiwa maji inasumbua figo na tumbo.

"Tumbo limevuruga, nilitafuta choo njia nzima"

Ukikimbia damu inahama kutoka tumboni kwenda kwenye misuli, alafu na ule mtikisiko, kwahiyo chochote chenye mafuta mengi au nyuzinyuzi nyingi (maharage, mboga nyingi, nafaka nzima) kilicholiwa jana usiku kinaweza kudai kutoka leo. Wasiwasi nao unaharakisha utumbo. Jana yake kula vitu mwili wako unavijua, asubuhi amka mapema ya kutosha tumbo lipate nafasi yake, na ukifika uwanjani panga foleni ya choo kabla hujabanwa. Kahawa kunywa kama umeizoea, kama hujaizoea leo sio siku ya kuijaribu.

Huhitaji jeli za nguvu wala vinywaji maalum kwa kilomita 5. Akiba ya wanga iliyoko kwenye misuli na ini inatosha na kubaki. Kuna mtu anakula jeli ya kwanza maishani mwake dakika tano kabla ya kuanza, alafu analaumu tumbo.

Malengelenge, kucha nyeusi, michubuko

Malengelenge yanatoka kwa msuguano na unyevu. Raba mpya siku ya mashindano hapana, hata kama ni nzuri kiasi gani, zivae kwanza mazoezini mara kadhaa. Soksi za pamba tupu zinashika jasho, tafuta za nyuzi za kisasa zinazokauka haraka. Kucha nyeusi maana yake vidole vinagonga mbele, raba ni fupi au kucha ndefu. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Michubuko ya mapajani, kwapani, kwenye chuchu na chini ya mkanda wa sidiria, paka vaselini kabla ya kuvaa nguo. T-shati waliyokupa na namba, kama hujaikimbilia, ivae baada ya mbio.

"Nilipata kizunguzungu"

Hapa uliza kwanza: ilikuwa kabla ya kumaliza au baada?

Baada ya kuvuka mstari mara nyingi ni kwa sababu umesimama ghafla. Wakati unakimbia misuli ya miguu inasaidia kusukuma damu irudi juu, ukisimama ule msukumo unakatika, damu inabaki chini na kichwa kinapungukiwa. Ndo maana wale wa mstarini wanakwambia endelea kutembea. Tembea dakika tano mpaka kumi. Ukijisikia unaanguka lala chini inua miguu, itapita.

Kabla ya kumaliza, ni habari tofauti kabisa. Kuzimia au kukaribia kuzimia wakati bado unakimbia, maumivu ya kifua, moyo kupiga ovyo, unasimama na baada ya hapo unaonana na daktari kabla ya kukimbia tena, hata kama dakika kumi baadaye ulijisikia mzima.

Na kwenye joto kuna hatari yake. Mtu anayeanza kuyumba, anaongea vitu visivyoeleweka, hajui yuko wapi, huyo joto la mwili linaweza kuwa limepita nyuzi 40 na dakika zinahesabika: kivulini, punguza nguo, mwili mzima kwenye maji ya baridi kadiri mnavyoweza, na huku mtu mwingine anaita msaada. Kupoza kunaanza hapo hapo, hakusubiri gari. Mwili unahitaji siku kama 10 mpaka 14 kuzoea joto, kwahiyo aliyefanyia mazoezi usiku kwenye baridi alafu mbio zinaanza jua limeshawaka asilazimishe muda aliopanga.

"Saa yangu imesoma kilomita 5.1, na muda wa kwenye matokeo sio wangu"

Njia iliyopimwa rasmi inapimwa kwa kufuata mstari mfupi zaidi unaowezekana, wapimaji wanakata kona kwa ndani, na bado wanaongeza mita moja kwa kila elfu ili isije ikawa fupi. Wewe umezunguka watu, umechukua kona kwa nje, na GPS nayo ina makosa yake. Kwahiyo usibonyeze saa kwenye 5.00 ukaanza kutembea, malizia mpaka mstari.

Muda unaweza kutofautiana kwa sababu kuna wa mlio wa kuanzia na wa chipu, kale kakifaa kanakopima muda wako. Wa chipu unaanza wewe ukivuka mstari, na huo ndo wako. Kama chipu iko nyuma ya namba ibandike kifuani kwa pini nne, usiikunje wala kuifunika na koti.

"Siku ya pili nashindwa kushuka ngazi"

Maumivu ya misuli yanayokuja masaa 24 mpaka 72 baadaye, pande zote mbili, yakiuma ukibonyeza na yakipungua ukitembea tembea, ni misuli inajirekebisha baada ya kazi ambayo haijaizoea. Tembea, baiskeli nyepesi, kula na kulala vizuri, subiri yapungue ndo ukimbie tena, na mbio ile ya kwanza iwe fupi, ya spidi unayoweza kuongea. Yakiwa mguu mmoja tu, sehemu moja, na siku ya nne bado yako palepale au yamezidi, rudi kwenye ile sehemu ya goti na ugoko. Mkojo ukitoka na rangi ya kahawia nyeusi kama chai ya rangi baada ya mbio, pamoja na misuli kuvimba, siku hiyo hiyo hospitali.

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, chukua muda wa kila kilomita yako uuandike mahali wakati bado unakumbuka ulijisikiaje kwenye kila moja, maana hiyo ndo utakayoitumia kupanga kilomita ya kwanza ya mashindano yanayofuata.